Siku Programu Ilipokubali

Vijana wangu,

Mwalimu wenu pale chuoni aliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kompaila inapogoma kuyageuza maandishi yenu kuwa programu, hasa inapogomea maktaba ya nyuzi, maana alisikia hiyo ndiyo iliyonizeesha. Nadhani alitarajia orodha ya dawa. Dawa zipo na nitazitoa. Lakini siku nilipowatembelea, kijana mmoja wa safu ya nyuma alipiga meza akasema, "Imekubali," na wenzake wakampigia makofi. Mimi nikatoka nje nikasimama kando ya tangi la maji mpaka moyo ukatulia. Mkadhani ni presha, mkaniletea kiti. Haikuwa presha, na kiti nilikaa kwa heshima tu.

Naitwa Zuhura. Nilizaliwa Majengo hapa Embu, baba yangu akiwa na bucha, na kwetu tulizungumza Kiswahili tangu kuamka. Nimeandika programu miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, karibu yote katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Sasa nimestaafu. Nina kuku, nina wajukuu, na nina hili ninalotaka kuwaambia.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Njiru wa Karurumo. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na tabia ya darasani haikumtoka. Hata chaki alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa na sheria moja iliyotuchosha sana. Kompaila ikitoa kosa, hukuruhusiwa kuligusa kabla ya kulisema kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kirimi, mwenzangu kutoka upande wa Igembe, alikuwa akilisema kwa Kimeru, na likitoka mdomoni mwake lilikuwa kama ugomvi wa mpaka wa shamba, sote tukacheka. Mimi nikadhani nimepata bahati, Kiswahili kina maneno ya vitabuni ya kujificha nyuma yake. Mwalimu akanikatalia. Sema kama unamwambia mama yako jikoni, akasema.

Kosa la kwanza la nyuzi nililoambiwa nilitafsiri ni lile mnalolijua, lile la kwamba pthread_create imetajwa lakini haionekani. Niwakumbushe wale wageni. Programu ikitaka kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, hugawanya kazi kwa nyuzi, uzi huu ufanye hili na ule ufanye lile. Amri za kuzaa nyuzi hizo hatuziandiki sisi. Zimo ndani ya maktaba, ghala la amri zilizokwisha kuandikwa, na kiunganishi, kinachoshona vipande vya programu pamoja, kisipoipata, kinagoma. Nikafikiria jiko la mama yangu, nikasema, "Umeita mtu kwa jina, na hapa ndani hakuna aliyeitika." Mwalimu akaliandika kwa chaki juu ya mlango, na likakaa hapo hadi jengo lilipopakwa rangi.

Sasa dawa, nisije nikasahau. Mtu akigomewa hukimbilia mstari wa mwisho kwa sababu ndio ulio mbele ya macho yake. Rudi juu kabisa. Kosa la kwanza ndilo kosa, yale mengine thelathini ni majirani waliotoka nje kuuliza kuna nini. Andika -pthread unapokompaili kila faili, na uiandike tena unapounganisha. Mara moja haitoshi. Ukiitaja maktaba kwa jina lake, itaje mwisho wa mstari, baada ya mafaili yanayoihitaji, kwa sababu kiunganishi husoma kutoka kushoto na kikikuta maktaba kabla ya mwenye shida kutokea kinaipita. Hilo lilinilia wiki nzima, na Kirimi alinicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mkibadilisha mashine au toleo la vifaa, futeni vyote vilivyojengwa zamani mjenge upya. Vya zamani na vipya havikai nyumba moja.

Kuna siku nilitumwa Kangeta, kwenye ofisi ya wauzaji wa miraa waliokuwa wakitumia programu yetu kupanga zamu za magari. Mashine yao ilikuwa na mambo yake, ikabidi tujenge programu palepale. Kila nikianza, maandalizi, ile hatua ya kukagua mashine kabla ya kujenga, yananiambia maktaba ya nyuzi haipatikani. Nikaiondoa maktaba, nikaiweka. Nikaiondoa tena. Siku ya tatu karani wao, mzee mpole aliyekuwa akitafuna taratibu shavu moja limejaa, akaniambia, "Madam, hiyo mashini hata picha ya wajukuu wangu ilikataa kuweka juzi. Inasema imeshiba." Diski ilikuwa imejaa pomoni. Video ya harusi ya mtu, saa sita nzima. Maandalizi huandika kiprogramu kidogo cha majaribio ili kuona kama nyuzi zipo, na kikikosa pa kukaa, hayasemi hakuna nafasi, yanasema hakuna nyuzi. Kwa hiyo fungueni faili la kumbukumbu za ujenzi msome kilichotokea hasa. Nilirudi Embu nikiwa na furaha, nimebeba hadithi hiyo kama zawadi. Kumbukeni safari hiyo, nitairudia.

Desturi ya pili ya Mwalimu ilikuwa chai. Kazi yetu kubwa miaka ile ilikuwa visanduku vya kulinda friji za dawa katika vituo vya afya. Ndani ya kila kisanduku kulikuwa na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, na waya wenye kipimajoto unaoingia ndani ya friji. Programu yenyewe ilichora namba kwenye kioo. Uzi mmoja ulisoma joto na kuibadilisha namba, na uzi wa pili ulipiga simu kwa muuguzi na kwetu joto likipanda. Kabla kisanduku hakijatoka ofisini, Mwalimu alitumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe cha chai ya moto, akakiweka katikati ya meza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa chai ya birika mpaka simu iite. Ikiita, tunakunywa. Isipoita, tunarudi kwenye mashine na kiu yetu. Wageni walituona watu wa ajabu, wamekaa kimya wakitazama kikombe.

Ilikuwa Ramadhani. Kirimi alikuwa ameshahamia Nairobi, na Mwalimu alikuwa amekwenda Meru kwa mazishi ya shemeji yake, akaniachia ufunguo. Kompyuta ndogo za aina mpya zilikuwa zimefika, na vifaa vya kuzijengea programu vilikuja bila maktaba ya nyuzi. Majina ya amri yalikuwepo, maktaba yenyewe haikuwepo. Nilihangaika nayo siku tatu. Alasiri ya siku ya tatu dereva akawa ameegesha pikapu chini, anapiga honi, kwa sababu safari ya Ishiara ilikuwa mara moja kwa mwezi na alitaka kuvuka yale mabonde kabla ya mvua.

Nikaandika faili fupi, mistari kumi na miwili. Ndani yake nikatengeneza pthread_create yangu mwenyewe, isiyofanya kitu chochote ila kurudisha sifuri, ambayo kwenye programu ni kusema mambo yako sawa. Nia yangu ilikuwa kuona kama sehemu nyingine zote ni nzima, kisha kesho nitafute maktaba ya kweli. Nikajenga. Hakuna kosa hata moja. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Imekubali."

Honi ikalia tena. Kioo kilionyesha digrii tano kwa rangi ya kijani, namba nzuri kwa friji. Tano ndiyo namba tuliyokuwa tumeiweka ya kuanzia, na uzi wa kuibadilisha haukuwahi kuzaliwa. Chai sikuchemsha. Nilikuwa nimefunga, niko peke yangu, na hakukuwa na wa kumchemshia. Siulaumu mfungo, msije mkanielewa vibaya. Maji ya moto tu yangetosha, na birika lilikuwa palepale. Nilikifunga kisanduku kwa skrubu nne nikakishusha ngazi nikampa dereva. Kilikwenda kwenye kituo kimoja upande wa Ishiara.

Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu niende Kangeta. Ndiyo safari ile. Siku tatu za diski iliyojaa, nikarudi nacheka, nikamsimulia Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho. Kisha Idi ikafika, kisha kazi nyingine. Lile faili la mistari kumi na miwili lilinitoka akilini kabisa. Ningependa kuwaambia kwamba lilinisumbua. Halikunisumbua hata siku moja.

Miezi mitano baadaye, wakati wa kuvuna ndengu, msichana aitwaye Igoki, wa darasa la sita, aliumwa na bafe shambani kwao. Bafe ni yule nyoka mnene, mvivu, asiyepisha mtu njiani. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka kituoni kwa sababu alijua dawa ya sumu iko pale, watu wote wa eneo lile walijua. Friji ilikuwa inanguruma, taa yake ya ndani inawaka, na kioo chetu ukutani kinasema tano. Sista, muuguzi wa kituo, alipozishika chupa zilikuwa na joto la chumba, na dawa ndani imeingia ukungu. Friji ilikuwa imeacha kupoza wiki nyingi bila mtu kujua. Zamani Sista alikuwa na kipimajoto cha kioo na daftari, akiandika asubuhi na jioni. Sisi ndio tuliomwambia aviache, kwamba mashine itamwangalizia.

Igoki alifariki garini, kabla ya kufika Embu. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwalimu alikwenda Ishiara mwenyewe akarudi na kisanduku. Alichemsha chai, akamimina, akatumbukiza kipimajoto, akakaa. Mimi nikakaa upande wa pili wa meza. Namba ikakaa tano. Mvuke ulikuwa unapanda na kioo kinasema tano, kijani. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile faili. Tulikaa mpaka chai ikashika utando.

Akafungua mashine, akalipata faili langu, akakigeuza kioo kinielekee. "Zuhura, soma," akasema. Nikasoma ile mistari kumi na miwili. "Sasa sema kama unamwambia mama yako."

Nikamwambia, "Niliita mtu, hakuitika, nikajiitikia mwenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu, vile alivyokuwa akifanya mtu akipata jibu sahihi. Nafikiri ilikuwa mazoea tu. Akauliza ni nani mwingine aliyeliona faili lile. Nikamwambia hakuna.

Wiki ile tuliitwa mbele ya wakubwa wa afya. Mwalimu akasimama, koti lake lilelile, akasema programu ilitoka mkononi mwake na yeye ndiye aliyeruhusu kisanduku kiende bila kujaribiwa. Mimi nilikuwa viti viwili kutoka kwake. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na mume mgonjwa kitandani. Nimejitetea hivyo miaka mingi. Ni kweli na haitoshi. Nilifungua mdomo mara moja, nikaufunga. Kwenye ngazi nilimshika mkono wa koti nikataka kusema, akanitangulia. "Ufunguo nilikupa mimi," akasema. "Wewe kaa. Na chai uchemshe kila mara."

Akarudi Karurumo kwenye kahawa yake. Mimi nikapewa kiti chake. Hakuna programu iliyotoka chini ya mkono wangu tangu siku hiyo bila kikombe mezani, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Vijana wa ofisini waliniita Mama Chai nyuma ya mgongo wangu, nami nikajifanya sisikii. Walidhani ni kichaa cha uzee. Sikuwaambia ilikotoka, na hiyo nayo ni sehemu ya kosa langu. Nilikuwa nikienda Karurumo mara mbili kwa mwaka kumsalimu Mwalimu, tukizungumza habari za kahawa na wajukuu. Mara zote nilikwenda nikiwa nimepanga la kusema, na mara zote nilirudi nalo.

Mwaka juzi alifariki. Kwenye mazishi nilimwona mwanamke mmoja asiyekaa na jamaa wala na majirani, amejifunga leso kiunoni, mfuko wa ndengu magotini. Alilia kilio cha mtu aliyefiwa na ndugu. Nilimuuliza mjane wa Mwalimu ni nani. Akaniambia huyo ni wa Ishiara, Mzee alikuwa akienda kwake kila msimu kumsaidia kuvuna, tangu alipoacha kazi. Hakuwahi kuwaeleza nyumbani kwa nini. Mimi niliyejua nilisimama pale na udongo mkononi.

Ilinichukua miezi kupata nguvu ya kwenda. Nilimkuta Mama Igoki ameketi nje ya nyumba yake akipepeta ndengu, jua la Ishiara likiwa juu kabisa. Nikajitambulisha. Nikamweleza yote kwa mpangilio, maktaba iliyokosekana, mistari kumi na miwili, honi, chai ambayo sikuchemsha. Kutafsiri makosa kwa lugha ya jikoni nilikuwa nimefanya maisha yangu yote, na siku hiyo nilitumia ujuzi wangu wote, lisije likabaki neno lolote la kunificha. Aliniacha nimalize. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Mwalimu alikuja hapa baada ya kuzika," akasema. "Alisema ni yeye. Nikamfukuza. Akarudi, nikamfukuza tena. Mwaka wa tatu alinipata shambani peke yangu, akainama akaanza kuvuna, mimi sikumfukuza. Ilinichukua miaka saba kumwambia nimemsamehe."

Nikamwambia hakuwa yeye. Nilishamwambia, lakini nikarudia.

"Kwa hivyo nilisamehe mtu hakunikosea."

"Ndiyo, Mama Igoki."

Akatazama ndengu zake. "Na mimi nilikuwa na hiyo moja tu," akasema. "Nilimpa yeye akaenda nayo. Sasa wewe nitakutolea wapi ingine?"

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira. Nilikaa pale kwenye kigoda, yeye akapepeta zilizobaki, kisha akainuka akaniambia jua linakwenda, nitachelewa gari. Hakunipa uji. Alinisindikiza mpaka kwenye ua wa miiba, akarudi.

Nilirudi msimu uliofuata. Hakunifukuza, hakunikaribisha; alinionyesha mstari wa kuvuna kwa kidevu, nikainama. Mgongo wangu si wa kazi hiyo, na viganja vyangu vya kibodi viliota malengelenge kabla ya saa nne. Juzi nimetoka huko tena. Aliniuliza kama mume wangu, niliyemtajia ugonjwa wake siku ile ya kwanza, alipona, nikamwambia hakupona, akasema pole. Tukaendelea kuvuna.

Vijana wangu, maktaba ikikosekana, itafuteni. Isipopatikana, mwambieni dereva aende, kisanduku kibaki, watu wawakasirikie. Mkijenga na kosa likatoweka bila ninyi kujua kwa nini, msipige makofi. Chemsheni maji kwanza. Hayo ndiyo niliyoombwa kuandika.

Hili lingine sikuombwa. Nakwenda Ishiara tena ndengu zikikomaa. Simwulizi Mama Igoki kama amenisamehe, na yeye hasemi. Nimeita, na nitangoja kwenye mstari wangu shambani kwa muda wote atakaotaka. Sitaki aniitikie ili ninyamaze tu. Nilishawahi kujiitikia hivyo, na mwanawe yuko kaburini nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka pale tunapovunia.